Mvua Iliyopotea Uani Kibuta

Wajukuu zangu wakitaka kujua kama mvua itanyesha wanatazama simu. Kidole kinapita hivi, kiwingu kinatokea, vitone vinatokea, wanabeba mwavuli. Mimi nawaangalia nacheka. Nawaambia, nyie mnaona kitone tu kwenye kioo, hicho kitone kina wenyewe. Kilianza na watu waliokuwa wanainama uani kwao kila asubuhi kuchungulia chupa, bila mshahara, na mmoja wao ni mimi bibi yenu niliyeishia darasa la pili. Watu wengine wanajisifia digrii. Mimi najisifia kipimamvua. Na sitanii.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulishahamishwa kutoka mashambani kwetu, kila ukoo na kona yake, tukapangwa Kibuta kwa mistari kama magunia ya korosho ghalani. Wengi walinung'unika. Mimi nilinung'unika siku chache, halafu nikaona jambo moja zuri: elimu ya watu wazima ilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwangu. Kila jioni nilikuwa wa kwanza kukaa mbele. Herufi zilinitesa, lakini namba nilizipenda. Namba haina maneno mengi.

Basi siku moja mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Akasema serikali inatafuta mtu wa kujitolea kupima mvua nyumbani kwake.

"Malipo?" akauliza mzee mmoja upande wa wanaume.

"Hakuna malipo. Nimesema kujitolea."

Wote wakaanza kutazama kucha zao. Nikanyoosha mkono. Yule mzee akageuka.

"We mwanamke, umeelewa kilichosemwa?"

"Nimeelewa. Wewe ndiye uliyeambiwa kujitolea ukauliza malipo."

Wanawake wakapiga vigelegele, mwenyekiti akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mume wangu alitazama pembeni kama hanijui, lakini njiani kurudi nyumbani aliniambia, "Ukianza, usiache katikati ukanitia aibu." Hiyo ndiyo ruhusa yake. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Wakatupeleka Kibaha kwa semina. Lori likatushusha pale Kwa Mathias. Siku hizi ukishuka pale huna pa kuweka mguu kwa mabasi na wachuuzi, wakati ule miti ilikuwa mingi kuliko watu. Tulikuwa kundi zima, wakulima, walimu, mganga wa zahanati, na mwenye duka mmoja wa Mzenga aliyevaa saa kubwa na kuiangalia kila dakika. Wanawake tulikuwa wachache, unatuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwalimu wa semina alichora ubaoni barabara ya Morogoro, akachora mto Ruvu, akatia vitone vyeupe: hapa Kibaha, hapa Mlandizi, hapa Kisarawe mjini, hapa Kibuta, hapa Mzenga. Akasema, watabiri wa hali ya hewa Dar wanajua mvua inayowanyeshea wao tu. Mvua haina adabu, inanyesha nyumba hii inaruka ile. Wakitaka kujua inatoka wapi na inakwenda wapi, lazima wawe na macho kila mahali. "Na hayo macho," akasema, "ni nyinyi."

Nilisisimka mwili mzima, wallahi. Nilikuwa sijawahi kuambiwa na mtu kwamba serikali haioni mpaka mimi niangalie.

Wakatugawia glasi za kupimia, nyembamba, zimechorwa mistari ya milimita. Yule mwenye duka wa Mzenga akanitazama nilivyoibeba.

"Dada, hicho si kibaba cha mchele. Usije ukapimia wateja."

"Na wewe kaka usije ukaongeza maji kama unavyoongeza kwenye mafuta ya taa."

Watu wa Mzenga wenyewe ndio waliocheka zaidi. Walikuwa wanayajua hayo mafuta.

Kipimamvua kililetwa na kijana wa idara kwa pikipiki. Kijijini tulimwita bwana mvua, na jina likamganda. Alizunguka uani kwetu akitafuta mahali pa wazi, mbali na paa, mbali na mkorosho, akachimbia. Ni mtungi wa bati nene, nusu uko ardhini, mdomo wake wa duara umetazama mbinguni. Ndani ya mdomo kuna faneli, na chini ya faneli kuna mtungi mdogo wa kutolewa, chupa imo ndani yake. Mvua inaingia, inateremka kwenye chupa, inakusubiri. Kila siku saa tatu asubuhi unafungua, unamimina maji kwenye glasi, unasoma mstari, unaandika kwenye kadi, unamwaga, unarudishia. Mwisho wa mwezi kadi inapelekwa posta Kisarawe.

Akaniambia neno ambalo mpaka leo naweza kulisema nikiwa usingizini: "Mama, andika ulichokiona kwenye glasi. Usiandike ulichokisikia kwenye paa."

Majirani walikuja kushangaa. Wakakiita kaburi la mvua. Mama mkwe wangu yeye hakucheka. Tulikuwa tunaishi naye ua mmoja, mwanamke mwembamba, mkali, anayetembea huku anaongea. Alikizunguka kile kidude, akainama, akachungulia mdomoni.

"Kwa hiyo maji yanayoingia humu hayapiti kwenye makuti?"

"Hayapiti, mama."

"Wala kwenye majani ya mti?"

"Hayagusi kitu. Yanatoka juu moja kwa moja."

"Wala hayagusi ardhi?"

"Chupa iko ndani, mama. Yataigusaje ardhi?"

"Haya," akasema, akaenda zake. Mimi nikajisemea, leo mama mkwe amependa elimu.

Hapo nilikuwa na mimba. Kabla yake mbili zilikuwa zimetoka, moja changa, moja imeshaanza kucheza tumboni. Sitaki kulielezea sana. Niseme tu kwamba nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole kwa ajili ya tumbo langu, na mama mkwe ndiye aliyekuwa kamanda. Nisibebe ndoo. Nisichuchumae shambani. Na kila baada ya siku kadhaa ananiletea kombe: mwalimu wa madrasa anaandika aya za Kurani kwenye sahani kwa wino wa zafarani, maandishi yanaoshwa kwa maji, maji yale nanywa. Nilikunywa bila kuuliza. Mtu aliyepoteza mbili haulizi.

Masika ikaingia. Na hapo ndipo uchuro ulipoanza.

Siku ya kwanza ilinyesha jioni mpaka vyura wakaingia ndani. Asubuhi nikajifunga khanga mpya, nikachukua glasi yangu, nikatoka nikiwa na furaha kama naenda harusini. Nikafungua mtungi. Nikatoa chupa. Imekauka. Labda tone moja chini, la kulowesha kidole tu.

Nikasimama pale miguu yangu ikiwa kwenye matope. Ardhi imelewa maji, migomba inadondosha maji, chupa kavu. Nikakumbuka neno la bwana mvua. Nikaandika sifuri.

Ikanyesha tena. Sifuri. Ikanyesha mchana, sifuri. Asubuhi moja ikanyesha kidogo muda ule ule wa kupima, nikapata milimita mbili, nikafurahi kama nimeokota dhahabu. Nikadhani chupa inavuja. Nikaijaza maji ya kisima, nikaiacha kutwa. Haivuji hata chembe. Nikadhani ni mbuzi. Nikadhani ni watoto. Nikafikiri hata mambo ambayo siwezi kuyasema, maana kulikuwa na jirani mmoja niliyekuwa sielewani naye.

Mwisho wa mwezi nikapeleka kadi yangu imejaa sifuri kama mayai kwenye kiota.

Bwana mvua alikuja mwenyewe. Nilisikia pikipiki toka mbali. Alimwamkia mama mkwe kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kuangalia kaburi lako?"

Hakutabasamu. Akakaa kwenye kigoda, akatoa kadi yangu, akatoa na ya Mzenga. Ya Mzenga imejaa namba nzuri, kubwa na ndogo, zimepanda na kushuka. Yangu jangwa.

"Mama, hapa Kibuta hamkupata mvua?"

"Tumepata. Migomba inaoza kwa mvua."

"Sasa mbona kadi hivi?"

"Uliniambia niandike nilichokiona kwenye glasi. Nimeandika."

Akakuna kichwa. Nilimwonea huruma, alikuwa kijana mwema, lakini na yeye alikuwa na wakubwa zake. Akasema idarani wameshaamua: kadi ya namna hii ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi, maana inawadanganya watabiri kwamba Kibuta mawingu yanaruka. Mwenye duka wa Mzenga ameomba kipimo cha pili kwa ajili ya upande mwingine wa kata yake. Hiki changu wanataka kukihamishia huko.

"Nimekuombea mwezi mmoja," akasema. "Kadi ikija tena hivi, mama, nakuja na jembe nakichimbua."

Alipoondoka niliingia jikoni nikalia. Nisiwafiche. Nililia kama mtu aliyefiwa. Pale kijijini mimi nilikuwa mke wa fulani na mkwe wa fulani. Kile kibati tu ndicho kilichokuwa changu. Watoto wa shule walikuwa wanasimama kunisalimia, "Shikamoo mama mvua." Na yule mwenye saa kubwa wa Mzenga ndiye akichukue? Akipimie mafuta ya taa?

Nikafuta machozi. Nikasema, nitamkamata huyu mwizi, awe mtu, awe shetani.

Jioni ile ile ikanyesha mvua nzuri. Alfajiri, adhana ilipolia, niliswali haraka, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajibanza kwenye ukuta wa banda la kuku na mwiko mkononi. Kwa nini mwiko, sijui. Ndicho nilichokipata.

Sikukaa sana. Mlango wa mama mkwe ukafunguka. Akatoka, bado na ushungi wa swala, ameshika birika la maua. Nikadhani anakwenda chooni. Hakwenda chooni. Akaenda moja kwa moja kwenye kipimamvua, akasema "Bismillahi" kwa sauti nzuri kabisa, akatoa mdomo, akatoa chupa, akamimina yote kwenye birika, akaitikisa chupa mpaka tone la mwisho, akarudishia kila kitu vizuri kuliko hata mimi.

"Mama!"

Aliruka. Birika hakuliachia.

"Astaghafirullah! We mtoto unataka nife? Na huo mwiko wa nini?"

"Mama, unafanya nini?"

"Sioni cha kuuliza. Nakuchotea dawa."

"Dawa gani?"

"Kombe lako. Mwalimu ametaka maji ya mvua yasiyogusa makuti, wala majani, wala ardhi. Mwaka mzima natega masufuria juu ya vichuguu, kuku wanaruka ndani, majani yanadondoka. Mungu amekuletea chombo safi kama hiki hapa uani, nikiache?"

Nikaushusha mwiko. Nikaanza kuhesabu kichwani. Siku ile ya vyura, jioni ya kesho yake nililetewa kombe. Siku ya mvua ya mchana, kesho yake kombe. Mungu wangu! Mvua yote ya Kibuta nilikuwa nimeinywa mimi mwenyewe.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikashikilia banda, kuku wakaamka wote. Mama mkwe akanitazama kama mtu aliyepandwa na kitu.

"Unacheka nini?"

"Mama, haya maji ni ya serikali!"

"Serikali imeinyesha?"

"Nayapima, mama. Nisipoyapima wanakichukua. Wanakipeleka Mzenga."

"Wakipeleke. Serikali ikikosa mvua hii itapata nyingine. Mimi mjukuu wangu nikimkosa huyu, nampata wapi?"

Kicheko kikaniisha pale pale. Alisimama na birika lake kifuani kama amembeba mtoto tayari, na jua lilikuwa halijatoka, na mimi nilikuwa namtaka mtoto yule, na nilikitaka kibati kile, vyote viwili, kwa moyo mmoja.

Nikamwambia kwa upole, "Mama, mimi nikishapima, maji nayamwaga kwenye migomba. Hawayahitaji tena. Wanataka namba tu. Nisubiri mpaka saa tatu, nikimaliza chukua yote."

"Saa tatu jua limeshayaona. Mwalimu amesema jua lisiyaone."

"Njoo."

Nikamshika mkono. Nikafungua mtungi, nikamwambia aingize mkono ndani, pale chupa inapokaa. Aliingiza mpaka kwenye kiwiko.

"Baridi," akasema.

"Ndiyo. Wamekitengeneza hivyo makusudi. Jua likiyaona maji yanakauka, na kipimo kinaharibika. Humu ndani jua haliingii saa kumi na mbili, haliingii saa tatu, haliingii saa sita."

Aliacha mkono mle ndani, anafikiri. Halafu akautoa, akaufuta kwenye khanga.

"Kumbe hao watu wako wana akili," akasema. "Nitamuuliza mwalimu."

Mwalimu wa madrasa akasema maji ya gizani ni maji ya gizani, hayana neno. Kuanzia siku hiyo sikuwa na kipimamvua tu, nilikuwa na askari. Mama mkwe aliweka kigoda chake pale pembeni na fimbo. Kuku akisogea, fimbo. Mtoto akisogea, fimbo na matusi. Jirani akipita anamwambia, "Pita huko, usitutilie kivuli kwenye mvua." Saa tatu ikifika mimi napima, nasoma kwa sauti, yeye amesimama na birika lake anangoja kama mtu kwenye foleni ya sukari.

"Ngapi leo?"

"Kumi na moja."

"Ndogo. Jana ilikuwa nzuri zaidi."

Kadi ikaanza kujaa namba za maana. Niliiweka ndani ya sanduku la nguo na nilikuwa naifungua mara kwa mara kuitazama tu.

Sasa sikilizeni.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha. Mume wangu alikuwa amekwenda Mlandizi kuvuna mpunga kwa mjomba wake, na mvua ikamfungia huko. Ilianza adhuhuri. Sijaona mvua kama ile. Haikuwa inanyesha, ilikuwa inamwagwa. Ikapiga jioni, ikapiga usiku, na uchungu ukanianza ndani ya mvua ile ile. Mama mkwe akajifunika gunia la plastiki kichwani akaenda kumwita mkunga, nyumba ya nne kutoka kwetu, wakarudi wote wawili wamelowa kama wameogelea.

Kulipokucha mvua ikakatika ghafla. Mtoto bado. Mkunga alikuwa mwanamke mnene, mpole, mikono mikubwa. Ananipapasa mgongo, ananiambia, "Pumua mwanangu, anakuja." Nami napumua. Nikasikia redio ya jirani inatoa habari za saa tatu.

"Mama!" nikapiga kelele.

"Nini? Anatoka?"

"Saa tatu!"

Mama mkwe akanielewa mara moja. Mkunga ndiye hakuelewa.

"Saa tatu kuna nini?"

"Mvua," mama mkwe akasema, ameshaanza kufunga khanga kiunoni.

"Mmepatwa na wazimu nyote wawili? Mtoto yuko njiani!"

"Na mvua iko kwenye chupa," nikasema. "Mama, nenda. Lete chupa na glasi. Na mtungi wa ndani! Mvua ikiwa kubwa hivi chupa inajaa inamwagikia kwenye mtungi. Usimwage ya kwenye mtungi!"

"Nimwage? Mimi?" Aliona nimemtukana kabisa. Mwezi mzima amekilinda, leo namwambia asimwage.

Akatoka. Nikamsikia anazomea kuku. Akarudi amebeba mtungi ule mdogo kifuani kwa mikono miwili, anatembea kama bibi harusi, chupa imo ndani imejaa mpaka shingoni na maji mengine yanacheza pembeni yake. Uchungu ukanipiga. Ulipopita nikasema, "Glasi isimame pa tambarare. Mkekani haifai."

"Wapi sasa?"

"Pindua kinu."

Akapindua kinu, akakileta mpaka puani kwangu, akaweka glasi juu yake. Akamimina. Nikajiinua kwa kiwiko, nikaweka jicho sawa na maji kama nilivyofundishwa Kibaha. Imefika mstari wa juu.

"Imejaa! Mimina kwenye beseni. Weka alama."

Akachukua mkaa jikoni akachora mstari ukutani. Akamimina tena.

"Sukuma," mkunga akasema.

"Ngoja nisome!"

"Mtoto hangoji kusoma!"

"Imejaa tena! Alama!"

Nikasukuma. Nikapiga ukelele. Glasi ya tatu ikawa inanisubiri pale juu ya kinu, mama mkwe ameishika kwa chini ili isipigwe teke. Nilipofungua macho ilikuwa imejaa na hiyo. Alama ya tatu. Mkunga alishaacha kugomba, sasa na yeye alikuwa anachungulia.

"Bado yapo?" akauliza.

"Yapo," mama mkwe akasema, ameinua mtungi, anamimina ya mwisho, tone kwa tone. "Hii sasa haijajaa. Soma mwanangu. Soma haraka."

Jasho limeniingia machoni. Nikaona mistari miwili miwili. Nikajifuta, nikainama, nikaona moja.

"Saba!" nikasema. "Juu ya tatu zilizojaa, saba!"

"Saba!" akarudia mama mkwe, akachora vistari saba vidogo pembeni. Na hapo hapo mkunga akasema, "Kichwa hiki hapa," na sikusikia tena habari ya mvua kwa muda.

Alikuwa msichana. Alilia kwa sauti ambayo nadhani walimsikia Mzenga. Mama mkwe alimpokea, akamwadhinia kwa kunong'ona maana mwanamume hakuwepo na yeye alisema hawezi kumngoja mtu aliyekwama kwenye matope, halafu akaniletea kadi na kalamu kabla hata ya uji. Nikaandika. Mkono ulikuwa dhaifu lakini namba ilisimama wima. Ilikuwa namba kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kadi ikaenda posta. Tukangoja.

Nilikuwa nimekaa uani namnyonyesha, arobaini imeshapita, niliposikia pikipiki. Nikatazama nyuma ya kiti chake: sikuona jembe. Lakini angeweza kuazima kijijini, kwa hiyo sikufurahi bado. Mama mkwe akasimama mbele ya kipimamvua na fimbo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ukitaka kukichimbua, anza na mimi."

Safari hii alitabasamu. Akatandika mkeka chini, akafungua bahasha, akazipanga kadi mstari mmoja: ya Mlandizi, ya Kibaha, ya Kisarawe mjini, yangu, ya Mzenga. Akaniambia, "Tafuta ile siku."

Nikatafuta kwa kidole. Mlandizi kubwa kidogo. Kibaha kubwa. Kisarawe kubwa zaidi. Kibuta, kwangu, kubwa kupita zote. Mzenga ikaanza kupungua. Nikarudia tena kwa kidole, toka kadi ya kwanza mpaka ya mwisho, na nywele zikanisimama, maana niliiona. Niliiona mvua ile inatembea. Ilivyokuja, ilivyopanda, ilivyosimama juu ya nyumba yangu usiku ule nikiwa nauma meno, ilivyoondoka. Nilikuwa chini yake na sikuijua, na sasa nilikuwa naitazama imelala mkekani kama nyoka, kichwa na mkia.

"Idarani hawakuamini namba yako," akasema bwana mvua. "Wakasema huyu mama wa sifuri sasa ameanza kuongeza. Zilipofika za Kisarawe na Mzenga ndipo wakanyamaza. Bila yako kuna shimo hapa katikati, hawajui mvua ilifanya nini. Sasa wanajua. Masika ijayo wakiiona inaanza vile Mlandizi, watatangaza redioni mapema."

"Kwa hiyo?" akauliza mama mkwe. Fimbo bado iko juu.

"Kwa hiyo kinabaki."

Nikamkumbatia mtoto mpaka akalia. Mama mkwe akaishusha fimbo, lakini hakuondoka. Akainama juu ya zile kadi, akazitazama moja moja, yeye ambaye hajui kusoma hata namba moja.

"Ya kwetu ni ipi?"

Bwana mvua akamwonyesha namba. Akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Mbona mmeandika ndogo hivi? Mvua yenyewe ilikuwa kubwa."

Tukacheka sote, yeye hakucheka. Halafu bwana mvua akaniuliza kitu ambacho nadhani kilikuwa kinamsumbua toka mwanzo: siku ile kama nilikuwa najifungua, nani aliyeyatoa maji? Kanuni inataka jina la mpimaji, na kama yuko wa pili, la pili. Nikamwelekeza kwa kidevu.

Akamtazama bibi yule mwembamba. Kisha akatoa fomu na kile kibati cha wino wa bluu wanachotumia kwa watu wasioandika.

"Mama, utakuwa msaidizi wa mpimaji wa Kibuta?"

"Msaidizi?" akasema. "Mimi ndiye niliyeanza kuyachota." Lakini mkono ulikuwa umeshanyooka, na dole gumba limeshaingia kwenye wino, lote, mpaka kwenye kifundo.